Nilikuwa Kanisani, Bibi Alikuwa Stendi



Wiki hii nilipanga kuandika juu ya rozari, maana Oktoba ni mwezi wake. Nimeshindwa. Kila nikishika rozari namkumbuka bibi yangu, na nikimkumbuka bibi narudi kwenye Jumamosi moja ya mwaka jana ambayo mpaka leo inanisumbua. Basi acha niandike hilo hilo. Swali langu ni hili: hivi kumheshimu mzee ni kumfanyia nini hasa?

Sisi tunakaa Mbagala. Bibi, mzaa baba, alikuja kwetu kutoka Mahenge baada ya babu kufariki. Baada ya msiba ukoo ulikaa kikao, baba na baba zangu wadogo wakakubaliana kwamba mama yao hawezi kubaki peke yake kule. Mbuzi wakauzwa, shamba likaachwa kwa jirani, bibi akapandishwa basi. Walifanya vile kwa upendo, mimi ni shahidi. Lakini ukiniuliza leo nani alimwuliza bibi anataka nini, sina jibu. Nilikuwepo kwenye kikao kile na hakuna aliyemwuliza. Hata mimi.

Tulimpokea vizuri. Chumba chake, godoro jipya, runinga. Kila aliposhika ufagio tulimnyang'anya: "Bibi, pumzika." Akitaka kuosha vyombo: "Bibi, acha, dada wa kazi yupo." Akitaka kwenda sokoni: "Bibi, utapotea, hapa Dar siyo Mahenge." Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, mama anaenda dukani kwake, mimi kazini, wadogo zangu shule. Geti linafungwa. Usiku tunarudi, "Shikamoo bibi", "Marahaba", tunakula, kila mtu anashika simu yake.

Sasa, bibi yangu alikuwa mtani kweli kweli. Tangu niko mdogo ananiita mume wangu. Nikichelewa kurudi ananiuliza kama mke mdogo ndiye kanichelewesha. Nikimwamkia anaitikia, "Marahaba mume wangu, umeniletea nini?" Baada ya kama miezi mitano Mbagala, ikabaki "marahaba" peke yake. Hakuna aliyeshtuka. Akaanza kuacha chakula, tukasema ni uzee. Akalalamika mgongo, kifua, miguu, na dawa za maumivu hazisaidii, tukasema ni uzee. Usiku hapati usingizi, anazunguka sebuleni gizani, tukasema uzee huo. Jirani mmoja yeye alikuwa na maelezo mengine ya bibi kizee anayetembea usiku, akamnong'oneza mama. Nitarudi kwenye hilo.

Jumamosi yenyewe mimi nilikuwa parokiani. Ni katibu wa vijana, na tulikuwa na kikao cha kupanga safari ya huruma. Unajua tulikuwa tunakwenda wapi? Makazi ya Wazee Nunge, kule Kigamboni. Sabuni, sukari, unga, khanga. Na fulana za sare, ambazo rangi yake tu tuliijadili karibu dakika arobaini. Simu ilikuwa mbele yangu, nimeizima sauti. Niliona jina la mama likiwaka mara mbili nikaigeuza kifudifudi. Nikajisemea, niko kwenye kazi ya Mungu, nitampigia baadaye.

Kikao kilipoisha nilikuta simu kumi na moja ambazo sikupokea. Kabla sijapiga, mlinzi akaniita getini. Kulikuwa na kijana wa bodaboda anauliza kama kuna mtu anamfahamu bibi mmoja aliyekaa stendi ya Rangi Tatu, hajui namba ya simu ya mtu yeyote wala jina la mtaa, anachojua ni jina la kanisa analosali.

Dada alikuwa amefungua geti kwenda kununua mkaa. Bibi akatoka na kikapu chake: khanga mbili, kitabu cha sala na rozari. Alitembea mpaka stendi akaanza kuwauliza wapiga debe basi la Mahenge. Mabasi ya mikoani ya upande ule ni ya kusini, Lindi na Mtwara. Vijana wakamcheka kidogo. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyemwita, akamkalisha kwenye benchi lake, akampa chai na andazi, halafu akamtuma yule bodaboda kanisani kwetu. Mama huyo ni Mwislamu, na nauli ya bodaboda alilipa yeye.

Nilimkuta bibi ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakushangaa kuniona. Alisema, "Mume wangu, usihangaike na mimi. Mimi nimekuwa mzigo. Naenda nikafie kwangu."

Yule mama alikataa hela yangu. Ila aliniambia neno: "Bibi yenu ana akili zake timamu. Toka amekaa hapa ananikosoa maandazi, ananiambia hamira nimezidisha. Na kweli nimezidisha. Nyinyi huwa mnaongea naye?"

Sikuwa na la kujibu.

KORBANI YA SIKU HIZI

Usiku ule nilifungua Injili ya Marko sura ya 7. Pale Yesu anawakemea watu wa dini. Kosa lao hasa lilikuwa nini? Mtu alikuwa na mali ambayo ingewasaidia wazazi wake, lakini anatamka kuwa ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo anajiona amefunguliwa, hawajibiki tena kwao. Yesu anasema wazi kwamba kwa namna hiyo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao.

Zamani nilipokuwa nasoma mistari hiyo nilikuwa nawaona Mafarisayo tu. Usiku ule nilijiona mimi na simu yangu iliyogeuzwa kifudifudi. Muda wangu niliutangaza kuwa Korbani. Kwaya Jumanne na Alhamisi, jumuiya Jumamosi alfajiri, vijana Jumamosi mchana, Misa Jumapili. Yote mema. Lakini bibi anayelala chumba cha pili kutoka changu alikuwa hajapata nusu saa yangu kwa miezi mitano, na sikuwahi kulipeleka hilo kwenye kitubio, maana sikuliona kuwa ni dhambi. Nilikuwa kanisani, sikuwa kilabuni!

Simaanishi safari ya Nunge ilikuwa mbaya. Tulikwenda, na wale wazee walifurahi. Ninachosema ni kwamba mzee wa mbali ni rahisi. Unamtembelea saa tatu, unaimba, unapiga naye picha, unarudi nyumbani. Mzee wa nyumbani anarudia hadithi ile ile mara nne, anakohoa usiku, na hakuna anayekupigia makofi kwa kumsikiliza.

Amri ya nne inatuambia tuwaheshimu baba na mama. Padre mmoja alishawahi kutueleza kwamba katika Kiebrania cha Agano la Kale neno hilo la kuheshimu lina asili moja na neno la uzito. Kumheshimu mtu ni kumpa uzito. Hata sisi Waswahili tunasema mtu mzito, maneno yenye uzito. Nikalitafakari pamoja na lile neno la bibi pale stendi, kwamba amekuwa mzigo. Mzigo nao una uzito, ila ni ule wa kubebwa tu. Mzigo hauulizwi unataka kwenda wapi. Mzigo haupewi kazi. Unawekwa mahali pazuri usinyeshewe.

Na sisi ndivyo tulivyomfanya. Heshima yetu ilikuwa ya kumnyang'anya ufagio. Mwanamke aliyelima, aliyezaa, aliyezika, aliyekuwa anasuluhisha ndoa za watu kule kwao, tulimwondolea kila kitu ambacho watu walikuwa wanamhitajia, kisha tukashangaa kwa nini hana furaha na runinga ipo. Tulimpumzisha mpaka akaugua.

SI UZEE TU

Nasema akaugua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulimpeleka hospitali ya serikali, tukapita dirisha la wazee. Daktari alipima kwanza presha, sukari na damu, maana kuna magonjwa mengi ya mwili yanayomfanya mzee anyong'onyee au achanganyikiwe, hata dawa anazotumia zinaweza. Halafu akaongea na bibi taratibu, peke yake, kisha na sisi. Akasema ni sonona. Akampa dawa na kutuambia zitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Akatuuliza swali lile lile la mama muuza chai: nani anaongea naye mchana?

Wapendwa, hapa naomba tusikilizane. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu wenye miaka 70 na zaidi, karibu mmoja katika kila saba anaishi na tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwa wazee sonona mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na maumivu yasiyoisha, kukosa usingizi, kukataa chakula, hasira ndogo ndogo, kusahau, kuacha yale aliyokuwa anayapenda. Kwa bibi yangu ilikuja na utani kukatika. Ukiona hali hiyo imezidi wiki mbili, usiseme uzee. Na mzee akisema anataka kufa, usimwambie "acha maneno hayo bibi" ukaondoka. Kaa naye, mwulize, usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali.

Wengine kweli wanapata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na huo nao ni ugonjwa wa ubongo. Sasa nirudi kwa yule jirani. Katika nchi hii, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza, bibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu waliyoyapata kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Mji wetu una lami, lakini mnong'ono ni ule ule. Mkristo akisikia mnong'ono huo akanyamaza, amemwacha mzee hatarini. Mama yangu hakunyamaza, namshukuru Mungu.

Kuna waliotushauri bibi aombewe tu. Tulimwombea. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, na paroko akapanga awe analetewa Komunyo nyumbani siku ambazo hawezi kutoka. Lakini dawa hakuacha. Mungu anayeponya kwa sakramenti ndiye aliyempa daktari akili.

LAKINI MUDA UTOKE WAPI?

Najua utaniambia, "Kaka, maisha yenyewe haya?" Kweli. Natoka Mbagala gizani narudi gizani. Wengi wetu hatuna ajira ya kueleweka, na wengine mzigo wote wa kumlea mzee umemwangukia dada mmoja tu nyumbani huku kaka zake wanatuma elfu kumi kwa simu na kujiona wamemaliza. Huyo dada naye anachoka, na kuchoka kwake si dhambi. Zaidi ya hapo, wapo waliolelewa na wazee waliowaumiza, na kwao maneno haya ni magumu. Kanisa lenyewe katika Katekisimu, namba 2218, linasema watoto waliokua wawasaidie wazazi kadiri wanavyoweza, kwa vitu na kwa moyo, katika uzee, ugonjwa, na upweke. Nimependa kwamba upweke umetajwa kwa jina. Nimependa pia hilo "kadiri wanavyoweza". Sikudaiwa niache kazi. Nilidaiwa nusu saa niliyokuwa nayo na sikuitoa.

Na usidhani fedha ingelimaliza hili. Rafiki yangu mmoja wa Tegeta ana baba mstaafu, alikuwa mwalimu mkuu. Watoto wawili wako Marekani wanatuma fedha kila mwezi bila kukosa. Nyumba nzuri, friji limejaa. Nilipomsimulia habari za bibi, rafiki yangu alikaa kimya, halafu akasema baba yake siku hizi anafungua redio vyumba viwili kwa pamoja ili asikie kama nyumba ina watu. Mtu aliyeongoza walimu na mamia ya wanafunzi, leo hakuna anayemwuliza hata bei ya nyanya.

Papa Fransisko aliliona hili. Mwaka 2021 alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, babu na bibi yake Yesu. Na mwaka 2022 alitoa mfululizo mzima wa katekesi juu ya uzee tu. Alirudia mara nyingi kwamba wazee wana kitu cha kuwapa vijana.

Hilo la mwisho tunalisahau. Tazama Zimbabwe: mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliona Mbare, Harare, watu wenye sonona ni wengi na madaktari hakuna. Akaanza na bibi 14. Aliwafundisha, akawaweka kwenye mabenchi nje ya kliniki, wasikilize watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliozungumza na wahudumu hao wa mabenchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Katika Luka sura ya 2 pia, waliomtambua Mtoto Yesu hekaluni ni Simeoni mzee na Anna, mjane wa miaka 84. Vijana wa siku ile sijui walikuwa kwenye kikao gani.

TULICHOFANYA

Kwanza tulimwuliza bibi anataka nini. Alisema anataka kwenda Mahenge kuona kaburi la babu, halafu atarudi. Baba alimpeleka. Kumbe hakuwa anatukimbia sisi. Hakuwa amemaliza kumlilia mume wake.

Pili, tulimrudishia kazi. Kuchambua mchicha na kupepeta mchele ni vyake, hakuna wa kumnyang'anya. Jumuiya yetu ilimwomba aongoze rozari Jumatano, na anawakaripia wanaokuja wamechelewa. Mimi niliacha kwaya ya Jumanne. Nilimweleza mwalimu wa kwaya sababu, akanielewa. Jumanne nakaa na bibi, ananisimulia mambo ya zamani, mengine nimeyasikia mara sita. Yoshua bin Sira sura ya 3 inamtaka mtoto amvumilie mzazi wake hata akili zikimpungukia, asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu. Akili za bibi bado zipo. Siku zikipungua, nimwombe Mungu nisirudi kwenye simu.

Zipo siku mbaya bado. Kuna asubuhi hataki kuamka, na hakuna maneno yanayosaidia, nakaa tu. Lakini wiki iliyopita nilirudi usiku sana, nikamwamkia mlangoni. "Marahaba mume wangu," akasema. "Huyo mke mdogo anakupikia vizuri kuliko mimi?"

Nilicheka mpaka mama akatoka chumbani.

Basi kabla hujalala leo, jiulize: katika nyumba yenu au jirani yenu, nani hajaulizwa kitu chochote leo? Kesho mwulize. Usiwe na haraka ya kumpa zawadi. Mwombe yeye akupe: akufundishe kupika, akusimulie alivyobatizwa, akukosoe maandazi. Na kikundi chako cha vijana kikipanga safari ya huruma, orodha ianze na mabibi na mababu wa wanachama wenyewe.

Tusali. Ee Yesu, uliyemkabidhi Mama yako kwa mwanafunzi wako ukiwa msalabani, hata maumivu yale hayakukufanya umsahau. Utusamehe pale tulipokutumia wewe kama kisingizio cha kuwakwepa wazee wetu. Uwape faraja walio peke yao nyuma ya mageti yetu, uwatie nguvu wanaowauguza, na utufundishe kukaa chini na kusikiliza. Watakatifu Yoakimu na Anna, mtuombee. Amina.